Bindo ya 1991 na tombola za simu za leo

Vijana wengi hawajui jina la Bindo. Wakubwa wanalikumbuka.

Katika miaka ya 1990 na 1991, nchi yetu ikiitwa bado Zaire, bei sokoni zilipanda bila kupumua na mshahara haukutosha hata chakula. Ndipo Kinshasa ikajaa michezo ya feza. Iliyojulikana zaidi ni Bindo Promotion, ya bwana Michel Bindo. Ulitoa feza zako, ukaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, nao wakashuhudia kwa jirani. Watu wakapanga mistari, wengine wakauza vitu vya nyumbani ili wapate cha kuweka.

Lakini feza walizolipwa wa kwanza zilitoka mfukoni mwa waliofuata. Wapya walipopungua, sanduku likabaki tupu. Mwaka 1991 mchezo ukaanguka, na waliochelewa kuingia wakapoteza yote. Hawakuwa wajinga: walikuwa na shida, na walimwona jirani akilipwa.

Leo mtego unaingia kwa simu: «Umeshinda tombola, tuma kwanza feza za kutoa zawadi yako.» Bindo angalau alilipa wa kwanza, huyu halipi mtu yeyote. Na yeye pia anatafuta mwenye shida, na aliyekimbia vita ana shida kuliko wote.

Basi tuangalie haya. Hakuna anayeshinda tombola ambayo hakuicheza. Zawadi ya kweli haidai malipo kwanza. Namba ya siri ya feza za simu haipewi mtu, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni. Anayekuharakisha hataki uulize mtu mwingine.

Na kama ujumbe unataja PAM au HCR, kumbukeni: msaada wa kibinadamu hauuzwi, na kuandikishwa hakulipiwi. Ulizeni komite ya kambi kabla ya kutuma hata franga moja.

Aliyekwisha kutuma aende upesi kwa ofisi ya kampuni ya simu yake, asifute ujumbe, na aambie jirani. Tukinyamaza kwa haya, mwizi atapiga simu nyumba inayofuata.