Eksirei safi haina maana kwamba kano za goti ni nzima

MTU anapoumia goti katika mpira wa jioni kisiwani Mombasa, au anapoteleza kwenye ngazi za nyumba za ghorofa Mji wa Kale, kipimo cha kwanza huwa mara nyingi picha ya eksirei. Picha ikionekana safi, wengi hudhani goti ni zima, wakarudi uwanjani. Hilo ni kosa.

Miale ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen nchini Ujerumani mwaka 1895, huzuiwa na madini yaliyomo mifupani. Kano, ambazo huunganisha mfupa na mfupa, hazitofautiki pichani na nyama inayozizunguka, hata zikiwa zimekatika.

Hata hivyo, picha hiyo ina manufaa. Huonyesha mifupa iliyovunjika, na pia hutoa dokezo. Kano ikivutwa kwa nguvu huweza kung'oa kipande cha mfupa. Kipande chembamba kikionekana upande wa nje, juu ya muundi, daktari hushuku kwamba kano ya msalaba ya mbele imekatika. Mvunjiko huo una jina la Paul Segond, mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1879, kabla ya eksirei kuwapo.

Kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, katika miaka ya 1990 hupendekeza picha kwa aliyeumia goti iwapo ana umri wa miaka 55 au zaidi, hawezi kulikunja hadi nyuzi 90, hawezi kupiga hatua nne, au huumia akibonyezwa pia ya goti peke yake ama kichwa cha mfupa mwembamba ulio kando ya muundi.

Kano zenyewe hupimwa kwa mikono. Daktari hukunja goti kidogo na kuvuta muundi mbele, kisha hulinganisha na mguu mzima. Uvimbe na maumivu ya mwanzo huweza kuficha dalili, hivyo uchunguzi hurudiwa baada ya siku kadhaa. Mashine ya MRI huonyesha kano waziwazi, lakini gharama yake huwashinda wengi.

Goti lisichuliwe kabla ya kuhakikishwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Lililovimba saa chache baada ya kuumia, au linalolegea ghafla mtu akishuka ngazi, lichunguzwe tena na daktari wa mifupa, hata kama picha ni safi. Kucheza na kano iliyokatika huweza kuharibu gegedu, na hasara hiyo hairekebishiki kwa urahisi.