Maili Mia Mbili: Kenya, Majirani Zake na Sheria ya Bahari

Wanafunzi wengi wa historia huzichukulia sheria za kimataifa kama kitu kilicholetwa Afrika kikiwa tayari kimekamilika. Ukanda wa uchumi wa bahari, yaani eneo la maili 200 ambamo nchi ya pwani inamiliki samaki, mafuta na madini, unatuonyesha vinginevyo. Insha hii inajadili mchango wa Kenya katika kuzaliwa kwa ukanda huo, na jinsi haki ya majirani wasio na pwani ilivyopungua kati ya rasimu ya 1972 na mkataba wa 1982.

Kwa karne nyingi bahari ilihesabiwa kuwa ya wote. Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi, alitetea uhuru wa bahari mwaka 1609, na baadaye dola nyingi za Ulaya zilikubali kwamba mamlaka ya nchi yaishie maili 3 kutoka ufukweni. Kwa vitendo, uhuru huo ulikuwa wa wenye meli. Mvuvi wa Lamu mwenye mashua na nahodha wa meli ya kisasa walikuwa na haki sawa juu ya jodari mmoja, lakini hawakuwa na uwezo sawa wa kumvua.

Mabadiliko yalianza mwaka 1945, Rais Truman wa Marekani alipotangaza kuwa mali iliyo chini ya sakafu ya bahari inayopakana na nchi yake ni ya Marekani. Chile na Peru zilidai maili 200 mwaka 1947. Mkutano wa Geneva wa 1958 ulitoa mikataba minne, ila haukuafikiana kuhusu upana wa bahari ya kila nchi. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuwa na sauti katika mkutano huo kwa sababu zilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza.

Baada ya uhuru, Kenya ilikuja na wazo lake. Mwanasheria Frank Njenga aliliwasilisha mbele ya kamati ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika, Colombo mwaka 1971 na Lagos mwaka 1972. Agosti 1972 Kenya ilipeleka rasimu rasmi Umoja wa Mataifa. Rasimu hiyo ilisawazisha mambo mawili: rasilimali hadi maili 200, takriban kilomita 370, ziwe za nchi ya pwani, huku meli za mataifa yote zikiendelea kupita kwa uhuru. Mwaka 1973 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunga mkono maili 200. Hatimaye wazo hilo liliingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982.

Hata hivyo, kuna jambo lililobadilika njiani. Rasimu ya Kenya ilitaka nchi ya pwani iwaruhusu majirani wasio na bahari kuvua katika ukanda wake, mradi mtaji na watu wawe kweli wa nchi hizo. Uganda, Rwanda na Burundi zingekuwa na nafasi iliyo wazi. Mkataba wa 1982, katika kifungu cha 69, unazipa nchi za namna hii haki ya kushiriki katika sehemu ya ziada tu, yaani samaki ambao nchi ya pwani haina uwezo wa kuwavua, tena kwa masharti yatakayopangwa kwa makubaliano.

Je, ziada hiyo ilimfikia nani? Mapema katika miaka ya 1980 meli kubwa za Ufaransa na Hispania zilihama kutoka Atlantiki kufuata jodari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Victoria huko Shelisheli ikawa bandari yao kuu. Jodari huhamahama na hatambui mpaka. Kumfuata kunahitaji meli, mafuta na majokofu. Hata ulinzi ulihitaji msaada: Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa katika ukanda wa Tanzania, meli ya doria iliyoikamata ilitoka Afrika Kusini. Samaki wake wakajulikana mitaani kama “samaki wa Magufuli”, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo.

Kwa kuhitimisha, Kenya ilisaidia kuvunja sheria ya wenye nguvu kwa kalamu, na huo ni ushindi unaostahili kufundishwa. Lakini kalamu ilitangulia mashua. Aliyenufaika na ziada hakuwa jirani wa bara aliyekumbukwa mwaka 1972, bali mgeni mwenye meli. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapozungumzia uchumi wa bahari leo, rasimu ile ya Kenya inafaa kusomwa upya, kwa kuwa ilikuwa na nafasi ya jirani.