Breki ipi?

Mwendesha baiskeli akikaribia mteremko hushika breki. Mipira ikiibana rimu, tunasema breki imeshika. Jina lile lile, kitenzi kile kile, ila vyuma ni viwili: kimoja kiko kwenye usukani, kingine kwenye gurudumu, na kati yao kuna waya.

Kwa baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kwenda chini, utata huu ni wa hatari. Mikono mingi ya breki ya usukani huo huvuta waya mfupi, kwa kuwa iliundwa kwa breki ndogo za kubana rimu. Breki aina ya V, zilizoenea kwenye baiskeli za milimani tangu miaka ya 1990, huhitaji waya uvutwe takriban mara mbili. Ukizifunga kwenye mkono wa kawaida wa baiskeli ya mbio, mipira haina budi kukaa karibu mno na rimu, na mkono unaweza kugusa usukani kabla baiskeli haijasimama. Kinyume chake ndicho kinachodanganya zaidi: mkono wa kuvuta waya mrefu kwenye breki ndogo huonekana mgumu na imara, kumbe nguvu inayofika gurudumuni ni haba.

Basi fundi akiagiza “breki” pekee, muuzaji ampe nini? Naomba tuseme “mkono wa breki” kwa kile cha juu na “breki ya gurudumu” kwa kile cha chini, na kila kimoja kitajwe na aina yake.