Upanga wa Maneno: Mvuto wa Monkey Island Ukitazamwa Kutoka Mombasa Bara

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyodumu katika kumbukumbu za wachezaji, The Secret of Monkey Island, uliotolewa na kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani mwaka 1990, una nafasi ya pekee, kwani ni mchezo wa visa na mafumbo usiohitaji wepesi wa vidole: mchezaji huchagua kitendo kama kufungua, kuchukua au kuzungumza, hubofya mtu au kitu kwenye skrini, na kwa njia hiyo humwongoza kijana Guybrush Threepwood, anayetamani kuwa haramia katika visiwa vya Karibi. Ron Gilbert, aliyeubuni akishirikiana na Tim Schafer na Dave Grossman, hakuridhishwa na michezo ya wakati ule ambamo kosa dogo lilimuua mhusika na kumlazimisha mchezaji kurudia njia aliyokwisha kuipita. Katika mchezo wake kukosea hakuui, bali huchekesha, isipokuwa mahali pamoja: Guybrush, anayejigamba kwamba aweza kuzuia pumzi kwa dakika 10, hufa mchezaji akimwacha chini ya maji kupita muda huo.

Utaratibu huo si mgeni Mombasa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako Waswahili, Wadigo, Wagiriama na familia za wafanyakazi waliofuata reli na bandari wamekuwa wakitegeana vitendawili kwa vizazi vingi. Mtegaji akisema kuwa nyumba yake haina mlango, na wasikilizaji wakashindwa kulitaja yai, humpa mji; naye huupokea, hujitapa kwa raha alizozipata huko, kisha hulitoa jibu. Aliyeshindwa hucheka pamoja na wenzake, na kesho yake anaweza kuwatega wengine kwa kitendawili kile kile.

Ubora wa Monkey Island unaonekana zaidi katika mapigano yake ya upanga, ambayo kwa hakika ni mapigano ya maneno, na baadhi ya matusi yake yalitungwa na mwandishi Orson Scott Card. Adui hudai kwamba Guybrush anapigana kama mfugaji wa ng'ombe, na jibu la kumshinda ni kwamba hilo linafaa, kwa kuwa yeye adui anapigana kama ng'ombe. Asiyelijua jibu hushindwa, lakini huondoka na tusi jipya la kumtupia haramia mwingine, ambaye kwa kumjibu humfundisha jibu lake. Mwishowe hukutana na bingwa wa upanga, ambaye matusi yake ni mapya kabisa, na mchezaji hulazimika kutambua ni jibu lipi kati ya yale aliyokwisha kujifunza linaloafiki tusi geni. Kukariri peke yake hakumfikishi mbali. Hushinda mwenye akili ya kuoanisha.

Ustadi huo ndio uliowapa heshima washairi wa Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika enzi za watawala wa Mazrui, wakati miji hiyo ilipohasimiana, na anayejibu shairi alitarajiwa kuifuata bahari ya mwenzake, yaani mpangilio wake wa mizani na vina, huku akiigeuza hoja yake. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa na William Taylor, mmisionari wa Church Missionary Society, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ambaye anastahili kutajwa zaidi kuliko anavyotajwa, na yakachapishwa mwaka 1940 na William Hichens.

Gilbert na Grossman waliurudia mchezo wao mwaka 2022 kwa kutoa Return to Monkey Island, jambo linaloonyesha kwamba hamu ya fumbo lenye kicheko haijaisha. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaojifunza kutunga programu wana hazina ya aina hiyo hiyo majumbani mwao. Wakae na bibi na babu zao, wayaandike mafumbo na majibizano wanayoyajua, kisha wautunge mchezo ambao mashujaa wake watavuka kwa feri ya Likoni na kushindana kwa Kiswahili cha Mvita.