Mtoto Mwenye Kifafa na Maji ya Moto

Twamkumbuka yule baba katika Injili ya Marko, sura ya 9, aliyemletea Bwana wetu mwanawe mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa ukimwangusha mara motoni, mara majini. Hata leo kwetu Kampene, mama mwenye mtoto wa kifafa aogopa mambo hayo hayo mawili: moto wa jikoni na maji ya mtoni.

Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika, katika nchi ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto, maana watu waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa. Kumbe kifafa hakiambukizi kwa kugusana. Akawapa vidonge vya fenobarbitali, na wengi wakapata nafuu.

Lakini si kila mtoto asikiaye dawa. Mwaka 1978 daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa alieleza kifafa kikali kinachoanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, mara nyingi wakati wa homa. Mwaka 2001 wataalamu wa Antwerpen, Ubelgiji, walivumbua chanzo chake: kasoro katika jeni moja inayosaidia kuongoza umeme wa ubongo. Tena mara nyingi kasoro hiyo yaanza kwa mtoto mwenyewe; haikutoka kwa baba wala kwa mama. Basi, ukoo wa mama walaumiwa kwa kosa gani?

Habari hii yahusu pia beseni la kuogea. Wako wanaodhani maji ya moto yatamtuliza mtoto. Kwa mtoto wa namna hii yaweza kumdhuru, kwani mwili ukipata joto upesi, ama kwa homa ama kwa maji, kifafa huweza kumshika. Kwa hiyo maji yawe vuguvugu tu, asikae humo muda mrefu, wala mtu mzima asibanduke, hata akiitwa mlangoni. Dawa zisiachwe ghafula. Akishikwa zaidi ya dakika 5, apelekwe hospitali.

Yule baba hakumficha mwanawe. Alimleta mbele ya umati wote. Nasi tusiwafiche watoto wetu. Wakae pamoja nasi kanisani, na mmoja akianguka, tumlaze ubavu, tuondoe vitu vya kumwumiza, wala tusikimbie.