Nakuru ya Jumapili: Kilichomo na Kilichoachwa Katika Albamu za Walowezi

Albamu za familia za walowezi wa Nakuru na Njoro za miaka ya 1910 na 1920 zinamfanya mtazamaji adhani wiki nzima ilikuwa Jumapili. Kuna mbio za farasi, mechi za kriketi, mandari ukingoni mwa kreta ya Menengai, mashua Naivasha na chai barazani. Siku za kupalilia, za nzige na za kudaiwa na benki ni nadra kuonekana. Kamera ilitolewa sandukuni siku ya raha.

Sababu mojawapo ni kamera yenyewe. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza Brownie, kisanduku cha kadibodi cha dola moja kilichopiga picha sita kwa filamu moja. Kabla ya hapo picha nyingi zilikuwa kazi ya fundi, mfano wake William D. Young, aliyepiga picha za reli ya Uganda. Reli hiyo ilipita Nakuru ikielekea Ziwa Victoria, ikafika huko mwishoni mwa 1901. Nakuru ikawa mji rasmi mwaka 1904, wakati ambapo mkulima yeyote mwenye visenti vyake tayari angeweza kujipigia picha mwenyewe.

Mji ulikua kwa sababu mashamba yaliuzunguka. Mlowezi Lord Delamere alichukua ardhi Njoro mwaka 1903, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga. Klabu ya walowezi, inayoitwa leo Rift Valley Sports Club, ilianza mwaka 1907. Familia zilizokaa mbali mbali zilikutana mjini siku za mnada na za mbio, na ndiyo maana farasi wamejaa katika picha zao. Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza mwaka 1936, alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, aliyefunza farasi wa mashindano.

Sasa tazama pembeni mwa picha hizo. Saisi ameshika hatamu. Yaya amembeba mtoto asiye wake. Mpishi amesimama mlangoni, nusu ya mwili imekatwa na ukingo wa picha. Chini ya picha wino umeandika jina la farasi, pengine na la mbwa, lakini si la saisi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na njia yake ya kumwandika mtu huyo. Chini ya sheria ya 1918, skwota, yaani Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi, alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na alama za vidole na rekodi ya waajiri. Picha ya uso haikuwamo. Mlowezi alihifadhi sura na mapumziko yake, na mfanyakazi akahifadhiwa kwa kidole na hesabu ya siku. Raha ya upande mmoja ililipwa kwa muda wa upande wa pili.

Hata ule uwanda mtupu nyuma ya meza ya mandari una historia. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai wengi waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia na kusini. Picha iliyopigwa miaka michache baadaye inaonyesha nyasi, kana kwamba hapakuwa na mwenyewe.

Nakuru nyingine ilikuwapo: maduka ya Wahindi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na Bondeni, mtaa wa Waafrika na Waislamu. Huko nako watu walivaa kanzu safi, walicheza mpira na walifanya harusi. Lakini albamu inahitaji nyumba isiyohamishwa. Maelfu ya Wakikuyu waliondolewa kwa nguvu Bonde la Ufa mwanzoni mwa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau mwaka 1952. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, nyumba zilichomwa katika eneo hilohilo wakati wa ghasia za kisiasa. Anayekimbia hubeba mtoto na godoro, picha hubaki.

Albamu za walowezi nazo zilisafiri, ila kwa meli. Nyingi za Afrika Mashariki ziko mbali: Mkusanyo wa Winterton uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na mji wa Bristol, Uingereza, unahifadhi nyaraka za jumba la makumbusho ya himaya ya Uingereza lililofungwa huko. Zina faida ambayo waliozipiga hawakuifikiria. Ziwa Nakuru, ambalo tangu mwaka 2010 hivi limepanda hadi kufunika lango la zamani la mbuga, linaweza kulinganishwa na ufuo wa miaka mia iliyopita, nyuma ya mabibi wenye kofia.

Faida kubwa zaidi inahitaji watu wa hapa. Nakala za picha hizo ziletwe Nakuru, zioneshwe Njoro, Molo, Elburgon na Bondeni, ambako wajukuu wa masaisi na mayaya bado wanaishi. Pale mzee atakapomtambua babu yake, jina liandikwe chini, kwa wino uleule uliomtosha farasi.