Kuanzia Mwisho: Hesabu Ambayo Mwenyewe Hakuifuata

Ukitaka kompyuta icheze drafti bila kukosea, anza na mwisho. Chukua hali ambapo mshindi anajulikana, rudi hatua moja nyuma, uulize: mwenye zamu hapa atachagua nini, akijua kitakachofuata? Kisha rudi hatua nyingine. Hivyo ndivyo Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivyokokotoa hali zote zenye kete 10 au pungufu, takriban trilioni 39. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Kwenye ubao mbinu hii inafanya kazi. Je, kwa binadamu?

Mwaka 1978 mwanauchumi Mjerumani Reinhard Selten aliuliza swali hilo kwa mfano wa duka. Kampuni moja ina matawi katika miji 20. Kila mji una mfanyabiashara anayefikiria kufungua duka la kushindana nalo, na wanaamua kwa zamu, mji baada ya mji. Mmoja akiingia, kampuni inaweza kugawana soko naye, au kumpiga vita ya bei ambayo itawaumiza wote wawili.

Tuanze na mji wa 20. Baada yake hakuna wa kutishwa, kwa hivyo kampuni itagawana. Mji wa 19 je? Kwa kuwa jibu la mji wa 20 limeshajulikana, vita hapa havimtishi mtu. Rudi hivyo hivyo mpaka mji wa 1: kampuni haipigani popote, na wote 20 wanaingia.

Hesabu haina kosa. Lakini Selten aliandika kwamba yeye mwenyewe angekuwa kampuni, angewapiga wa mwanzo ili wengine waogope. Na huyu ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1994, pamoja na John Nash na John Harsanyi!

Mwaka 1981 Robert Rosenthal alileta mchezo ambao baadaye uliitwa tandu, kwa kuwa mchoro wake una miguu mingi. Wawili wanapokezana: chukua fungu kubwa mchezo uishe, au pitisha pesa ziongezeke. Ukianzia mwisho, jibu ni kuchukua mara moja. Richard McKelvey na Thomas Palfrey waliwajaribu wanafunzi wa California kwa pesa halisi, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Kati ya michezo 662, ni 37 tu iliyoishia hatua ya kwanza. Wengi walipitisha, na wakapata zaidi.

Shida iko wapi? Hesabu hii haitaki tu mimi niwe mtu wa kupima faida yangu. Inataka nijue kwamba nawe uko hivyo, na ujue kwamba najua, bila kikomo. Ukipitisha mara moja tu, tumefika mahali ambapo hesabu ilisema hatutafika kamwe. Waandishi wa programu wanalijua tawi la namna hiyo: uliandika "haiwezekani", na sasa ndilo linaloendeshwa. Sasa nikuchukulie vipi? Umekosea, au unanialika tushirikiane? Hesabu haisemi.

Haya, wewe ndiwe mfanyabiashara wa mji wa 1, na kampuni inaendeshwa na Selten. Utafungua duka?